Maanguko Sitini na Moja

Siku hiyo ya Juni joto lilikuwa limefika digrii tisini na tatu za Farenhaiti, na ndani ya treni ya kijani inayotoka Minneapolis kwenda Saint Paul watu walisimama bega kwa bega wakijipepea kwa kofia. Katikati yao alikuwepo msichana aliyevaa koti jekundu la baridi, zipu hadi kidevuni, na glavu nyeusi za sufu. Misuko yake ilifungwa juu kwa utepe, na jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi. Aliongea na simu kwa sauti ndogo, akiamini hakuna anayemwelewa.

"Ndiyo Mama, nimekula. Na bugali nimekula. Hapana, sitavunjika leo. Bon, nitakuita nikifika."

Alipokata simu, Kiswahili kingine kikatokea nyuma yake.

"Samahani dada. Huko unakoenda theluji imeanza lini?"

Aligeuka. Kijana mrefu, kaptura ya buluu, ndala miguuni, mkoba mkubwa mgongoni, tabasamu la upande mmoja.

Héritière Bagalwa hakuwa mtu wa kujibizana na wageni. Kwa miaka kumi tangu wazazi wake, Thaddée na Emérance, waletwe Minnesota kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa amezoea kutazama dirishani mpaka afike kituoni. Lakini joto lilikuwa limemchosha hata aibu yenyewe.

"Zipu ya begi imekatika," alisema. "Koti halikuingia. Afadhali nilivae kuliko kulibeba."

"Na glavu?"

"Mifuko ya koti imejaa."

"Imejaa nini?"

Alisita, kisha akatoa kipande cha plastiki cha rangi ya waridi, kirefu kama soli ya kiatu: kifuniko cha wembe wa kiatu cha kutelezea barafuni. Kijana hakuuliza ni kitu gani. Aliingiza mkono mkobani na kutoa cha kwake, cheusi, kilichochubuka pembeni.

"Uwanja wa barafu wa Inver Grove Heights?" aliuliza.

"Inver Grove Heights."

"Basi tushuke pamoja. Basi la huko likikuacha, unasubiri mpaka unaota mizizi. Naitwa Nahashon, wa Brooklyn Park."

"Nilijua wewe ni Mkenya kabla hujataja jina."

"Kivipi?"

"Unaongea kama mtu anayegombana na Kiswahili."

Nahashon alicheka hadi abiria wawili wakageuka. "Nanyi Wakongo mnaongea kama mnakibembeleza kilale."

Héritière alijifuta jasho kwa glavu ili asionekane anatabasamu. Alionekana.

Kwenye uwanja wa barafu kulikuwa na desturi moja. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kiangazi, kocha Marit, mama wa miaka sitini asiyepandisha sauti hata jengo likiungua, aligawa kadi. Kila mtelezaji aliandika malengo yake, akaifunga kwenye bahasha, akamkabidhi. Bahasha zilifunguliwa Ijumaa ya mwisho wa Agosti, na kila mmoja alisimama kwenye mabenchi akasoma mbele ya wenzake alichotaka, alichopata na anachotaka sasa.

Héritière aliandika kitu kimoja: axel maradufu. Ni mruko wa pekee ambao mtu anaondoka akitazama mbele, anazunguka mara mbili na nusu hewani, kisha anatua kinyumenyume kwa mguu mmoja. Alikuwa ameutafuta miaka miwili. Kocha Marit alikuwa amemwambia wazi: majina ya mashindano ya kanda yanapelekwa mwisho wa Agosti, na bila mruko huo la kwake halitakwenda. Mwaka mwingine haukuwepo. Januari angeanza zamu za mafunzo ya uuguzi hospitalini, na zamu hazijui barafu.

Nahashon naye alikuwa mchezaji wa magongo ya barafuni hadi goti lilipomsaliti, akahamia kwenye dansi ya barafu huku rafiki zake wakimcheka mwezi mzima. Kila baada ya saa mbili alipanda mashine kubwa ya kulainisha barafu na kuuzungusha uwanja, akiacha nyuma yake maji ya moto yanayoganda kama kioo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kiangazi. Siku zilizobaki alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na siku zote, kuanzia ile ya treni, alikuwa wa Héritière.

"Umelala?" angempigia mchana wa Jumapili.

"Nimetoka kanisani, nalalaje?"

"Nilitaka tu kusikia unavyosema 'bon', ile 'haya' yenu ya Kifaransa."

"Sisemi."

"Kidogo tu, kipenzi."

"Bon, kwaheri."

"Asante. Sasa naweza kula."

Aliposhindwa kujua kwa nini mruko unamkataa, Héritière alimwomba amrekodi kwa simu. Alimpa sharti moja, wakiwa wamekaa kwenye benchi wanafungua kamba za viatu.

"Nikitua, nionyeshe. Nikianguka, usinionyeshe kabisa. Nikijiona naanguka, kesho yake miguu inakataa kuondoka chini."

"Naahidi."

"Hata nikikuomba."

"Hata ukilia. Hata ukisema 'bon' mara kumi."

Kwa wiki nne hakuonyeshwa chochote, maana hakutua hata mara moja.

Siku moja katikati ya Julai, Nahashon alimpa simu yake achague muziki, akakimbilia mashine yake. Héritière aligusa pasipostahili, na mbele yake likafunguka jalada lenye jina lake. Video sitini na moja. Katika kila picha ndogo alikuwa chini: ameketi, amelala ubavu, ameinama kama anayetafuta pete. Zote zilikuwa zimetumwa kwa mwanamke aitwaye Goretti, ambaye kwenye picha yake alikuwa na hereni kubwa na meno meupe, naye alikuwa amejibu: "Zimefika zote. Nimeziangalia mara mbili mbili. Tuma na za wiki ijayo." Chini yake kulikuwa na uso mdogo wa manjano unaocheka.

Héritière aliiweka simu juu ya benchi taratibu, kama kitu cha moto. Alivaa koti lake jekundu, akatoka. Ndivyo alivyokuwa, maumivu yake yalikuwa na adabu mno.

Kesho yake alihamisha mazoezi yake hadi saa kumi na mbili asubuhi, wakati Nahashon hayupo kazini. Simu ya kwanza hakuipokea, wala ya pili. Ya tano aliipokea.

"Heri, nimekukosea nini?"

"Hapana kitu. Niko na masomo."

"Masomo ya Julai?"

"Nahashon, niache nifanye mazoezi yangu."

"Ni wazee wako? Wanataka Mkongo?"

"Wewe unajua unachokifanya," alisema, akakata, kisha akakaa na simu mkononi akisubiri ipigwe tena. Haikupigwa. Nahashon naye alikuwa na kiburi chake, na pia aliamini kwamba msichana akisema aachwe, huachwa.

Emérance ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akikunja nguo sebuleni, bado amevaa sare ya kijani ya kazini kwake kwenye nyumba ya wazee.

"Ule Mkenya hapigi tena."

"Nimemwambia asipige."

"Amekupiga?"

"Hapana, Mama."

"Amekutukana?"

Héritière alimweleza. Mama alisikiliza, akaendelea kukunja shuka mpaka likawa dogo kama kitabu.

"Mimi sijakuja kukuangalia hata siku moja," alisema, "juu naogopa kukuona unaanguka. Huyu ameangalia mara sitini na moja. Mutu anayecheka tu, anachoka kwenye ya kumi. Umemuuliza?"

"Hapana."

"Je, utamuuliza lini?"

Wiki zilikwenda, na mruko haukuja.

Wiki ya mwisho ya Agosti kocha Marit alimwalika mwalimu wa miruko kutoka Chicago. Jumatano saa nne asubuhi, kabla ya darasa la mgeni huyo, Héritière alikuwa akifunga viatu vyake mlangoni pa uwanja alipoingia mwanamke wa miaka arobaini hivi, shali ya zambarau shingoni, hereni kubwa masikioni. Alisimama ghafla mbele yake.

"Wewe ni Héritière," alisema kwa Kiswahili cha Nairobi. "Nakujua mgongo kuliko uso. Mimi ni Goretti. Ndimi niliyemfundisha Nahashon kusimama alipotoka kwenye magongo, kabla sijahamia Chicago."

Héritière alihisi masikio yakiwaka. "Ulizicheka video zangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Nilicheka, ndiyo. Nilicheka kwa furaha. Ile ya tarehe kumi na nne Julai uliiona?"

"Sijaifungua hata moja."

"Kumbe aliniambia kweli. Alinitumia nitafute kosa la mruko wako, akasema amekuahidi asikuonyeshe, akanikataza nami nisikuambie mpaka nije mwenyewe. Nilidhani anatania." Goretti aliketi karibu naye. "Sikiliza, mama. Kuna kuanguka kwa mtu asiyejua, na kuna kuanguka kwa mtu aliyemaliza mizunguko yote. Kuanzia siku hiyo hadi video ya mwisho wewe unazunguka yote. Unaanguka kwa sababu bega la kushoto linafunguka mapema, kama mtu anayegeuka kuangalia nani kamwita. Hilo tu. Huwezi kuliona kama hujitazami unapoanguka."

Héritière alisimama. Halafu akamtafuta mtu aliyepaswa kumuuliza tangu Julai.

"Yuko wapi?"

Nahashon alikuwa juu ya mashine, ndiyo kwanza anaanza kuuzungusha uwanja. Hairuhusiwi mtu kukanyaga barafu iliyolowa, na mashine haisimami katikati ya kazi kwa sababu maji yakimwagika mahali pamoja yanaganda kama kichuguu. Kwa hiyo Héritière alisimama kwenye ukuta mfupi, amevaa sweta ya buluu na viatu vyenye vifuniko vya waridi, na kila Nahashon alipopita mbele yake alipata nafasi ya maneno machache tu.

"Niliona video," alisema mzunguko wa kwanza.

Nahashon alipita, akageuza shingo hadi mwisho, akarudi baada ya dakika moja. "Zipi?"

"Ulizomtumia Goretti."

Mzunguko mwingine. "Nilikuahidi nisikuonyeshe."

"Najua. Nilidhani mnanicheka."

Safari hii uso wake ulibadilika kabla hajafika kwenye kona. Aliporudi alisema, "Wiki sita, Heri. Wiki sita ulidhani hivyo?"

"Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa," alikubali akipita. Na alipozunguka tena: "Nami nilipaswa kuja mlangoni kwenu badala ya kukaa na kiburi changu."

"Nisamehe."

Mzunguko ule ulikuwa mrefu kuliko yote. Alipofika alipunguza mwendo kadiri mashine ilivyoruhusu.

"Sema 'bon' kwanza."

"Bon."

"Nimesamehe. Nisubiri, imebaki mistari mitatu."

Mchana ule waliketi kwenye mabenchi, koti jekundu likiwafunika magoti wote wawili, wakaangalia video sitini na moja. Kwenye ya kwanza Héritière alifumba jicho moja. Kwenye ya ishirini alikuwa anasema, "Bega." Kwenye ya arobaini alicheka mwenyewe, kwa sababu pale kofia ilikuwa imeruka na kwenda mbali kuliko yeye.

Ijumaa mabenchi yalijaa. Emérance alikuja na kitenge cha njano na sweta mbili, akakaa mstari wa mwisho karibu na mlango, tayari kukimbia. Kocha Marit alitoa bahasha. Nahashon aliitwa kabla ya Héritière. Alisoma kwamba alitaka kufaulu mtihani wake wa dansi, na amefaulu; alitaka goti livumilie, na limevumilia. Kisha akakuna kichwa.

"Lengo la tatu niliandika, kujua kama msichana wa glavu ana mtu." Watu walicheka, naye akasubiri wanyamaze. "Anaye. Mwaka ujao nataka niwe na ruhusa ya wazazi wake kumwita mchumba. Nimeandika hivyo kwenye kadi mpya, na mama yake yupo hapa, kwa hiyo nimeshachelewa kuifuta."

Kwenye mstari wa mwisho Emérance alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mabega yalimcheza.

Héritière alisimama. Miaka yote hiyo alikuwa amesoma kadi zake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Siku hiyo hakuangalia chini.

"Nilitaka axel maradufu. Sijaipata. Nimeanguka kiangazi kizima, na sasa najua kila anguko lilitoka wapi. Ninachotaka Oktoba ni kanda. Kocha, naomba dakika tano kwenye barafu kabla hujafunga orodha yako." Akavuta pumzi. "Na hiyo kadi ya Nahashon, naikubali."

Marit alitazama saa yake, akafungua mlango wa barafu.

Héritière alivua vifuniko vya waridi, akavipitisha mkono kwa mkono hadi kwa mama yake. Nahashon alishuka hadi ukutani, simu mkononi kama kawaida. Héritière alizunguka uwanja mara mbili, suruali nyeusi, sweta ya buluu, utepe ukipepea. Aligeuka mbele, akalishika bega lake kwa akili yake yote, akaruka. Barafu ilitoa sauti moja tu, kavu na safi, kisha akawa anateleza kinyumenyume, mguu mmoja hewani, mikono wazi kama mlango.

Mabenchi yalilipuka. Emérance alikuwa amesimama na hakujua amesimama lini. Kocha Marit aliandika kitu kwenye karatasi yake, taratibu, bila kupandisha nyusi.

Héritière aliteleza hadi ukutani, anahema, macho yanang'aa. "Nionyeshe."

Nahashon alitazama simu, akamtazama yeye, akatazama simu tena. Tabasamu la upande mmoja lilikuwa limepotea kabisa.

"Heri," alisema, "nilisahau kubonyeza."

Héritière alipandisha mikono ya sweta yake, akageuka kuelekea katikati ya uwanja.

"Bon," alisema. "Shika vizuri. Naruka tena."