Isale la Elisifa na Ndama wa Gladness

Siku ambazo Gladness alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, rafiki yake Elisifa ndiye aliyemchunga ndama wake. Babu yake Gladness alimwachia ndama huyo wiki chache kabla ya kufa, na Gladness alimpenda mno. Elisifa akitoka shule alimfungua bandani, akampeleka kando ya mfereji, akamfunga kwenye mti ale majani.

Siku moja aliona uvivu kubeba kamba. Alimwacha ndama kando ya mfereji bila kumfunga, akaenda kwa jirani kuangalia tamthilia. Aliporudi, ndama alikuwa chini kwenye mfereji, amevunjika shingo, amekufa.

"Kamba ilikatika," alimwambia Mama Gladness. Hata kabla hajaulizwa, akamnyooshea jani la isale, lile la kuombea msamaha, ambalo Mchagga akiletewa hakatai. Mama Gladness alilitazama weee, kisha akalipokea.

"Haya. Nimesamehe. Nenda nyumbani."

Elisifa akateremka kihambani, katikati ya migomba, mwepesi kabisa. Kumbe ni rahisi hivyo!

Kesho yake Mwalimu Basili aliandika ubaoni: *It worked like a charm.*

"Waingereza husema hivi jambo likikubali palepale, kama limefanyiwa uganga," alieleza. "Hakuna mganga hapo, ni namna ya kusema tu. Redio imegoma, umeipiga kofi, ikaimba: *it worked like a charm*. Nani ana mfano?"

"Mimi, mwalimu!" Elisifa alishasimama. "*I gave Mama Gladness the isale leaf. It worked like a charm!*"

Darasa likaangua kicheko. "Eti mganga wa isale!" mmoja akapiga kelele. "Na mimi nitibu basi!"

Gladness alisimama. "Kamba haikukatika. Niliikuta bandani imeviringishwa, nzima. Mama akaniambia ninyamaze, kwa sababu ameshapokea isale."

Mwalimu Basili akaweka chaki mezani.

"Sentensi yako haina kosa hata moja, Elisifa," alisema taratibu. "Ndiyo maana imeniuma. Kaa chini."

Jioni Elisifa alimkuta Mama Gladness akimkatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, Mama Gladness."

"Marahaba."

"Sikumfunga. Nilienda kuangalia tamthilia. Nilikudanganya."

"Nilijua." Panga halikusimama. Gladness alipita katikati yao na ndoo ya maji, hakumwangalia Elisifa hata kidogo.

"Atanisamehe?"

"Mimi sijui. Isale nilipokea mimi, yeye hakupokea. Utamwomba mwenyewe, na akikataa utavumilia." Akamkabidhi panga. "Kuanzia leo utakuwa unakuja kumkatia ng'ombe majani. Na sikiliza, mwanangu. Lile jani linanizuia mimi nisikulipize. Wewe halikusafishi. Ukweli ulitakiwa uje nao siku ileile, mkono mmoja na jani. Ukiomba msamaha kwa uongo, huo msamaha umeuiba."