Alama Nyekundu Kando ya Mlango Wetu

Mimi siogopi mtu wala mashine. Mtaa mzima unajua kwamba nina moyo wa chuma, na aliyewaambia ni mimi mwenyewe. Siku tingatinga la halmashauri lilipoletwa na kuegeshwa mwisho wa mtaa wetu, majirani walikuja kunichukua ili nikawasemee. Walinikuta chini ya kitanda, natafuta viatu. Viatu nilikuwa nimevivaa.

Tuyaache hayo. Hii ni habari ya mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba hadi watu wakamwita Kijiti. Mama yake anafanya kazi mji mwingine na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi na huyo mke mwenzangu, kama ninavyomtania. Kazi tumegawana. Mimi nafagia, napika na kumsema. Yeye anaosha vyombo, na kila asubuhi kabla ya shule anajaza maji kwenye kibuyu chirizi, yaani lile dumu dogo lenye tundu tulilolitundika kwa kamba kando ya choo ili watu wanawe mikono.

Kazi hiyo ni fupi kuliko kupiga mswaki. Lakini Kijiti na wenzake wawili walikuwa wameanzisha kikundi cha kuimba, na kikundi kilikosa ngoma. Dumu tupu ukilipiga kwa viganja lina sauti tamu sana. Mmeshaona mambo yalikoelekea. Mimi sikuona.

Alasiri moja nilirudi kutoka kupimwa presha nikakuta alama ya X kando ya mlango wetu, kubwa, nyekundu, rangi bado inanata. Wiki hiyo hiyo X kama hizo zilikuwa zimepakwa kwenye nyumba za kule bondeni, ambazo halmashauri ya mji ilitaka kuzibomoa ili ipanue mtaro wa maji ya mvua. Lakini sisi tuko juu, mbali na mtaro. Mvua ikinyesha tunausikia tu.

"Nani kapaka hii?" nikamuuliza Kijiti.

Alikuwa amekaa kizingitini, magoti yamebanana. "Watu wa halmashauri, bibi. Walikuwa watatu. Wana kofia ngumu za njano."

"Walisemaje?"

"Hawakusema kitu. Walipaka wakaondoka. Walikuwa na ngazi pia."

"Ngazi ya nini, na alama iko usawa wa kiuno changu?"

Akafikiri. "Labda walikuwa wanaipeleka kwingine."

Nikamwamini. Mtu mwenye hofu huamini chochote, na hapo mimi nilikuwa nimejaa hofu hadi kwenye kope.

Siku mbili baadaye gari lenye kipaza sauti lilipita. "Nyumba zote zenye alama nyekundu zitabomolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Wakazi mnaombwa muondoe vyombo vyenu." Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayetangaza sabuni. Ule upole ndio ulionitisha zaidi.

Tangu hapo Kijiti hakula vizuri. Kila asubuhi dereva wa tingatinga aliwasha injini kulipasha moto, na vikombe vyetu vikagonganagongana rafuni. Mtoto alikuwa anashika ukuta kwa mikono miwili, kana kwamba nguzo ya nyumba ni yeye. Nilimkuta anaisugua ile X kwa brashi na sabuni. Haikutoka, ilitanuka tu. Na jambo jingine lilinishangaza: dumu la kunawia lilikuwa limejaa asubuhi, mchana na jioni, hadi linamwagika. Nikajisemea, angalau hofu imemfunza usafi.

Jirani yangu fundi cherehani ndiye aliyenitajia wakili wa msaada wa kisheria. Wakili ni mtu aliyesomea sheria, anayekusemea mbele ya wakubwa pale ambapo mdomo wako ungekauka. Huyu alikuwa anawasemea bure wasio na uwezo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, feni inazunguka kwa kulalamika, viti vinne na hakuna viwili vinavyofanana. Mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, kaweka kalamu kwenye nywele, halafu anaitafuta mezani.

"Shikamoo bibi. Karibu ukae. Si hicho, hicho kina mguu mbovu."

Nilimweleza yote. Akamgeukia Kijiti, akainama hadi macho yao yakakutana.

"Wewe ndiye uliyewaona waliopaka?"

"Ndiyo."

"Una hakika walikuwa watu wa halmashauri? Niambie kama ilivyokuwa. Mimi siyo polisi, wala siyo mwalimu. Mimi niko upande wenu."

Kijiti alitazama feni. "Wana kofia za njano," akasema. "Mmoja ana ndevu."

Ndevu zilikuwa mpya. Aliponisimulia mimi hazikuwemo. Nilidhani amekumbuka.

Wakili alianza kuzunguka. Alikwenda halmashauri kuuliza kwa nini nyumba iliyo mbali na mtaro ibomolewe. Wakamwambia, hayo ya mtaani waulize watu wa kata. Ofisi ya kata iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na halmashauri dirisha kwa dirisha. Karani wa kata hakunyanyua hata kichwa. "X nyekundu ni za halmashauri, dada. Vuka barabara." Akavuka. Wakamwambia avuke tena. Alituambia kwamba muuza maji aliyekaa pale njiani alianza kumwonea huruma, akampa kiti.

"Ofisi mbili zinaonana kila siku," alisema huku akivua kiatu kukung'uta kokoto, "na hazijuliani hali."

Alifanikiwa jambo moja: tulipewa nafasi kwenye kikao cha malalamiko, Alhamisi, siku moja kabla ya tingatinga.

Ukumbi wa halmashauri una meza ndefu na viti vya chuma vinavyolia ukijigeuza. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya chini. Upande wa pili alikaa injinia wa halmashauri, shati limenyooka, kofia yake ngumu ya njano mapajani. Kijiti alipoiona ile kofia alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vimetoka mtungini.

Wakili wetu alisema vizuri. Alionyesha kwamba nyumba yetu iko juu na kwamba mtaro hauwezi kuifikia. Akasema, "Mafundi watatu wa halmashauri walipaka alama hii Jumanne ya wiki iliyopita, alasiri, bila kumwuliza mwenye nyumba neno. Mjukuu wake aliwaona."

Injinia akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, Jumanne hiyo mafundi wangu wote walikuwa stendi wanaziba mashimo. Abiria waliwaona, na wewe mwenyewe gari lako lilisimamishwa hapo."

"Nilisimamishwa sana," akasema mwenyekiti. "Kwa hiyo alama hii mliipaka lini?"

"Siku nyingine. Vijana wangu walipita Jumatano yake kuhesabu, wakaikuta ipo. Yenye X inahesabiwa, na iliyohesabiwa inabomolewa. Ndiyo kazi yetu."

Mwenyekiti akamtazama wakili. "Shahidi wako aliona watu ambao hawakuwepo. Nitawapa mapumziko mafupi. Tukirudi, kama huna jingine, nyumba inabaki kwenye orodha ya kesho."

Tulitoka kwenye korido. Wakili aliegemea ukuta, uso umemshuka. Nje, mbali, tuliisikia injini ya tingatinga ikijaribiwa. Kijiti alianza kutetemeka, mwanzo midomo, halafu mabega. Nilidhani anaumwa.

"Bibi," akasema, "kama nyumba ikibomolewa, utalala wapi?"

"Nitalala kwenu shuleni, chini ya dawati lako," nikamwambia. Nilitaka acheke. Badala yake aliangua kilio.

"Hawakuwa watatu," akasema. "Alikuwa mmoja. Hana kofia, hana ndevu. Alikuwa bwana afya wa kata."

Wakili akachuchumaa mbele yake. "Ilikuwaje?" akauliza.

"Aliniuliza kama dumu la kunawia lipo. Nikasema lipo nyuma. Akaenda nyuma, akakuta kamba inaning'inia peke yake. Dumu tulikuwa tunapigia ngoma. Akasema choo kisicho na maji ya kunawia kinawekewa X, na tukirekebisha atarudi kuifuta. Nikaogopa bibi atanisema. Halafu gari likatangaza, nikaogopa zaidi. Nikadhani serikali inabomoa nyumba yetu kwa sababu ya dumu."

Mimi nilikaa sakafuni. Sikujiangusha, nilikaa tu kwa haraka.

"Kwa nini X nyekundu?" wakili akauliza.

"Alisema chaki ilikuwa inafutika kwa mvua. Ofisini kwao kulibaki rangi ya geti."

Wakili alimfuta mtoto machozi kwa kiganja. Hakumkaripia, na sauti yake haikupanda, ila kila neno alilipa nafasi yake.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi pale ndani ni mdomo wenu. Nikisimama, nasimama juu ya yale mliyoniambia. Ulinipa uongo, nikausimamia mbele ya watu, nikaanguka nao, na nyumba ya bibi yako ikawa inaanguka nyuma yangu. Kosa la dumu lilikuwa dogo, lingeisha kwa maji kidogo. Ulilolificha kwa kuogopa ndilo limekua hadi likafika hapa. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Hata ukitetemeka. Kutetemeka hakuharibu ukweli. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Basi umeniokoa sasa hivi." Akaingiza mkono kwenye nywele, safari hii akaikuta kalamu. "Huyo bwana afya anafananaje?"

"Mfupi. Ana shati la kijani lenye kiraka begani."

Wakili alitoka mbio, viatu mkononi. Nilimwona dirishani akivuka ile barabara, na muuza maji akimpisha kwa heshima kama anayepisha msafara.

Kengele ya kurudi ukumbini ililia, yeye hajarudi. Tuliingia wawili. Ndipo mlango ukafunguka, akaingia wakili anahema, na nyuma yake mtu mfupi mwenye shati la kijani, kiraka begani, naye anahema. Kiti kilichobaki wazi kilikuwa kimoja tu, kando ya injinia. Yule mtu akakaa hapo. Injinia alitaka kufungua faili lake na kofia ikamzuia, hivyo bila hata kugeuka akamkabidhi yule mtu. "Nishikie hii, bwana mdogo. Na ukitoka waambie waniletee chai."

Bwana afya akaipokea. Ni mtu mwenye adabu.

Wakili alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba radhi. Nilichosema mwanzo kuhusu mafundi watatu hakikuwa kweli. Shahidi wangu ni mtoto, aliogopa, na sasa amesema mwenyewe. Alama ile haikupakwa na halmashauri. Ilipakwa na bwana afya wa kata, kwa sababu choo hakikuwa na maji ya kunawia. Halmashauri inapaka X nyekundu kubomoa, kata inapaka X nyekundu kukumbusha usafi, na hakuna ofisi iliyoiambia nyingine."

Niliona sikio la injinia linabadilika rangi. Kukubali kwamba alikaribia kubomoa nyumba kwa sababu ya dumu, mbele ya mwenyekiti, kulimshinda.

"Si kweli," akasema. "Sisi na kata tunawasiliana kila wakati. Huyo bwana afya nilizungumza naye jana, ana kwa ana, kwa kirefu. Akanihakikishia kwamba kata haina alama yoyote nyekundu. Mtoto huyu amedanganya mara ya kwanza, na anadanganya tena."

Kijiti alijikunja kama jani. Nilihisi moyo wake ukidunda hadi kwenye mkono wangu. Alikuwa amesema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa unakataliwa mbele ya macho yake. Nilitaka kusimama. Magoti yangu yalikataa, nayo ni ya moyo wa chuma.

"Ulizungumza naye jana," wakili akasema polepole.

"Jana."

"Ana kwa ana."

"Nimeshasema."

"Kwa hiyo ukimwona utamtambua?"

"Kama ndugu yangu wa tumbo moja."

"Vizuri," akasema wakili. "Basi mwombe akurudishie kofia yako."

Bwana afya alisimama, kofia ya njano kaishika kwa mikono miwili. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "X ya kwa bibi ni yangu. Mtoto amesema kama ilivyokuwa. Nikitoka hapa nakwenda kuifuta mwenyewe, maana dumu sasa limejaa hadi linalowesha njia, nimepita leo asubuhi nikaliona."

Mwenyekiti akachukua kalamu, akakata mstari mmoja kwenye orodha ya Ijumaa, akaukata mara ya pili ili ionekane. Kijiti akapumua, na ule mkono wake baridi ukaanza kupata joto ndani ya wangu. Kisha mzee akaweka kalamu chini, akaegemea kiti, kiti kikalia.

"Haya, injinia," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mtoto wa miaka kumi na miwili ameweza. Tuambie na wewe, hayo mazungumzo yenu ya jana yalikuwaje?"