Namba Isiyo na Jina

"Usicheke!"

"Sijacheka, dada."

"Macho yanacheka. Picha ya serikali haitaki meno wala mapenzi."

Studio ilikuwa imefurika. Jumamosi, mwisho wa mwezi, foleni imetoka nje hadi ngazini, na mpiga picha, gauni la bluu, kalamu kaichomeka kwenye nywele, hakuwa na muda wa kutaniwa. Lakini huyu fundi wa rada aliyekuja bila tai alimshinda. Akamvisha ile tai nyekundu ya studio inayovaliwa na kila mteja, akamnyoosha kola. Jamani, mkono ulichelewa kutoka pale shingoni.

Fundi akaondoka nayo. Jumatatu akairudisha, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Uliiba makusudi wewe."

"Ningerudi na kisingizio gani, Usicheke?"

Jina hilo likamganda mpiga picha. Miezi minne wakawa chanda na pete. Picha ile ilikuwa ya fomu ya uchunguzi: fundi alipata kazi uwanja wa ndege, lakini haingii mtu chumba cha rada kabla serikali haijamchunguza hadi mifukoni. Kazi hiyo aliiota tangu chuoni.

Shida ilikuwa simu. Kila ilipoita namba isiyo na jina, fundi aliigeuza kifudifudi.

"Nani huyo, mpenzi?"

"Kakosea namba."

"Mara ya tatu leo? Mwambie basi asikosee na kesho."

Alitania, lakini roho ilimuuma. Aliamini kuna mwanamke mwingine.

Ndipo akaja studio mchunguzi wa serikali, mama wa makamo, suti ya kijivu, faili kwapani. Fundi alikuwa amemwandika mpiga picha kama mtu anayemfahamu vizuri.

"Ana madeni?"

"Huyu? Hadaiwi na mtu, mama. Namjua nje ndani."

Mama akamtazama kidogo, akaandika, akaaga. Mpiga picha akampigia fundi papo hapo, akijisifu kwa alivyomtetea. Fundi akamkatiza.

"Usicheke... nadaiwa. Mkopo wa kununulia spika za kukodisha. Zilinyeshewa kwenye harusi ya kwanza tu, zikafa. Wanaopiga ndio hao."

"Na kwenye fomu?"

"Niliandika yote. Ukurasa wa saba."

"Kwa hiyo serikali inajua, mimi sijui! Na sasa nimekuponza kwa mdomo wangu!"

"Niliona aibu, mpenzi."

"Basi kaoe serikali yako!" Akakata simu, akalia mbele ya wateja.

Hasira ni hasira, lakini hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake azame kwa jibu lake. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mchunguzi.

"Mama, jana nilijibu nilichokijua. Deni lipo. Alinificha mimi, hakuwaficha ninyi."

Mama akavua miwani. "Binti, wanaodaiwa ni wengi. Ninayemwogopa ni anayeficha, maana aliyeshika siri yake anaweza kumtuma lolote. Lakini anayewakimbia wadai wake pia simpi ufunguo. Nimeshamwambia akae nao, waandikiane, aanze kulipa. Kazi kwake."

Miezi miwili hawakusemezana. Fundi akauza pikipiki, akaandikiana na wadai, akalipa mwezi wa kwanza, akalipa wa pili.

Jumamosi moja akaingia studio, foleni ileile, shati jeupe, hana tai.

"Nimepita! Wanataka picha ya kitambulisho."

Moyo wa mpiga picha uliruka kwa furaha, uso akaukaza. "Kaa. Usicheke."

"Nisamehe. Sitaki tena mtu ajue jambo langu kabla yako. Naomba nikuoe."

Kabla hajajibiwa, simu ikaita. Namba isiyo na jina. Fundi akaitoa mfukoni, akaiweka mezani, kioo juu.

"Pokea wewe."

Akapokea. "Halo? Yupo, anapigwa picha. Malipo yamefika? Asanteni. Mimi?" Akaitungua tai nyekundu ukutani, akamtupia fundi shingoni. "Mimi ni mke wake. Siku mkimkosa, nipigieni mimi."

Vigelegele vikalipuka hadi ngazini. Fundi akacheka, meno yote nje, na mpiga picha, machozi yakimtiririka, akabonyeza kamera vivyo hivyo.

Uwanja wa ndege waliikataa picha ile, wakataka nyingine. Ile ya kucheka ipo sebuleni kwao, juu ya televisheni.