Nilivyompunguza Mume Wangu

— Shemeji, usishtuke, lakini njoo hospitali. Jamaa ameanguka kutoka kwenye ngazi.

Aliyepiga ni mwenzake wa kazi. Yeye na mume wangu hupaka rangi nyumba za watu. Mimi nilikuwa kiwandani kwenye cherehani, nashona kola za sare za shule. Sikumbuki nilivyofika. Nilimkuta kitandani, mkono wa kulia umefungwa, midomo imemkauka.

Daktari, mama mmoja wa makamo, hakuanza na habari za ngazi. Alianza na chakula.

— Asubuhi alikula nini?

— Yai moja na tango.

— Na jana jioni?

— Kabichi.

— Vidonge vyake vya sukari je?

— Alimeza kama kawaida.

 Akanieleza kwamba vidonge vile hushusha sukari, na mtu akivimeza huku hali chakula cha kutosha, sukari inashuka kupita kiasi mpaka anaona giza. Akauliza nani alimpangia chakula hicho. Nikasema mimi. Nilikitoa kwenye simu, kwa dada mmoja anayejirekodi akijipima kiuno.

Mimi dieti ile ilinikubali. Nakaa kitini kutwa, sina ugonjwa wowote. Nilipungua kilo sita, nikayabana magauni yangu mwenyewe. Nikaona iliyonifaa mimi itamfaa na yeye, mtu anayepanda na kushuka ngazi siku nzima na ndoo mkononi. Wiki ya tatu akaanza kulalamika kwamba mikono inamtetemeka. Nikamwambia mwili unazoea. Siku nyingine nilimfuma jikoni amesimama anakula kiazi cha baridi, nikamnyang'anya, naye akaniomba msamaha. Mtu mzima, baba wa watoto wangu, ananiomba msamaha kwa sababu ya kiazi.

Alipopitiwa na usingizi, simu yake ikaita ujumbe. Mwenzake alikuwa anauliza hali. Nikafungua nimjibu, macho yakaangukia walichoandikiana asubuhi ile:

"Bonge, niko dukani. Nimekuona unayumba, shuka nikuletee mkate."

"Acha tu. Mama watoto akijua atavunjika moyo. Anahangaika kwa ajili ya afya yangu."

Eti afya. Nilitamani ardhi ipasuke nijifiche.

Alipoamka nikamwambia yote. Kwamba kule kiwandani niliwaonyesha wenzangu picha za harusi ya mdogo wangu. Mshonaji mmoja mgeni akauliza yule mwenye tumbo aliyesimama pembeni ni nani, mbona kama amemeza ngoma. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Sikusema ni mume wangu. Wiki ile ile nikaanza kumpimia chakula.

— Kwa hiyo haikuwa sukari, alisema.

— Haikuwa.

— Ulikuwa unanionea aibu.

— Ndiyo.

Akageukia ukutani. 

Nyumbani alikuwa na adabu kama mgeni. Nikimvalisha shati anasema asante. Nikimletea maji anasema asante. Kila asante ilinichoma kuliko kofi. Nikarudi kiwandani, nikamfuata yule mshonaji mgeni, nikamwambia uliyemcheka ndiye mume wangu. Akaomba radhi. Haikunipunguzia kitu, yeye hakumjua yule mtu, mimi nilimjua.

Wiki mbili baadaye tukaenda kwa mtaalamu wa lishe. Alimuuliza mume wangu anapenda kula nini. Nikafungua mdomo kujibu, nikaufumba. Kwa mara ya kwanza nikamsikiliza. Alisema anapenda viazi na maharage, kwamba saa nne asubuhi njaa humshika kazini, kwamba mchicha anaupenda ila mimi naupika mpaka unalia. Mtaalamu akacheka. Akasema viazi asiviache, vikae robo ya sahani, mboga za majani nusu, maharage robo iliyobaki. Saa nne ale kitu, na asimeze vidonge halafu akaruka mlo. Daktari alikwisha kumpunguzia dozi. Mimi akaniambia niendelee na changu kinachonifaa, lakini nisikigeuze sheria ya nyumba.

Jioni ile nikapika. Nikaweka sahani mbili zisizofanana, nikasimama pembeni kama mtu aliyekosa kiti kwenye nyumba yake.

Alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, punje za maharage zikimkimbia. Kisha akaongea bila kuninyanyulia macho.

— Siku nyingine ukinionea aibu, niambie mimi kwanza. Nitaumia, lakini nitakuwa nimeshiba.

Nikataka kucheka, machozi yakatangulia. Nikamwambia nisamehe. Akatafuna, akameza.

— Sijamaliza kukasirika.

— Najua.

— Lakini njaa nimemaliza.

Akakisogeza kiti cha pili kwa mguu.

— Kaa ule, mke wangu. Chakula kinapoa.