Hema Lenye Nafasi ya Babu

Jumatatu, tarehe kumi na tatu Januari, saa kumi na moja alfajiri, Babu hakuamka.

Siku zote Babu ndiye aliyeamka kwanza. Siku hiyo jogoo akawika, kokorikooo, na Babu akawa kimya.

Mwavita alisimama mlangoni. Alikuwa na miaka sita, na kandambili mguu mmoja tu.

Bibi akamshika mkono. Akasema, "Sisi ni wa Mungu, Mwavita. Na kwake Yeye tutarejea."

Watu wakaja. Watu wakaenda. Nyumbani wakabaki Bibi na Mwavita.

Arobaini ilipofika, vitu vya Babu vikatolewa sadaka. Kanzu akapewa jirani. Koti akapewa mlinzi wa msikiti. Hema lake la msituni wakapewa vijana wachungaji.

Nyumbani ulisalia mkeka wake tu. Mwavita alikuwa ameukalia, hataki kuinuka.

Bibi akakaa eda. Hakwenda sokoni. Hakwenda msituni. Alikaa ndani, akasali, akachoka.

Mwezi ukaandama. Mwezi ukaisha. Ukaandama mwingine.

Hata eda ikaisha. Na huko msituni, nyuki wakawa wamejaza mizinga. Zzzzzz. Zzzzzz.

Jirani yao, Mama Kulwa, akapita na ndoo ya kurinia asali. "Hodi, mama! Wenzako kesho tunakwenda kambini. Mizinga ya mzee imejaa. Huji?"

Bibi akatazama chini. "Kambini tutalala wapi? Hema tumekwisha kulitoa. Bila hema, hakuna kambi. Labda mwakani, Mungu akipenda."

Mwavita akafikiri. Mwakani ni mbali sana. Na mizinga ya Babu inangoja.

"Bibi, tutafute hema jingine."

Bibi akashusha pumzi. Huuuu. "Nimechoka, mjukuu wangu."

"Basi twende polepole, Bibi."

"Haya. Polepole."

"Lakini hema hupimwa kwa mkeka, si kwa macho," akasema Mwavita. "Babu alisema."

"Alisema kweli. Chukua mikeka."

Mwavita akakunja mikeka. Mmoja wa Bibi. Mmoja wake. Akatazama huku, akatazama kule, akakunja na mwingine.

Bibi hakuona. Macho yake yalikuwa mazito.

Wakaenda. Baiskeli yao inasukumwa na Bibi, kwiri, kwiri, kwiri. Mikeka imefungwa nyuma.

Dukani kulikuwa na Mzee Pazi, muuza mahema. Mzee Pazi ni Mzaramo. Bibi ni Mnyamwezi. Basi hao ni watani, na watani hawanyamaziani.

"Shikamoo, mzee," akasema Mwavita.

"Marahaba, mjukuu. Mtani wangu, pole na msiba."

"Tumeshapoa, mtani."

"Leo umetoka? Nilidhani Wanyamwezi mmekula asali mpaka mmenata kwenye viti!"

Siku nyingine Bibi angemjibu. Leo alitikisa kichwa tu. "Tunataka hema, mtani. Lolote."

"Siyo lolote!" akasema Mwavita. Akaimba, kama Babu alivyokuwa akiimba:

*"Tuingie, tulale,*
*tuamke, tusali.*
*Hema hili, litatufaa?"*

Mzee Pazi akatoa hema la buluu. Lilikuwa dogo, jepesi kama kikapu kitupu. Akalisimamisha uani. Pwa!

Mwavita akatandika mkeka mmoja. Akatandika wa pili. Wa tatu ukabaki nje.

Bibi akaingia kwa magoti. Akajaribu kurukuu, kuinama kama anaposali. Tu! Kichwa kikagonga paa, na hema zima likamwangukia.

"Jamani!" akasema Mzee Pazi. "Mtani kageuka mzigo! Nimpakie kwenye baiskeli?"

Bibi akatoka, ushungi umekaa upande. Hakucheka.

"Hili halitufai," akasema Mwavita.

"Twende nyumbani, mjukuu wangu. Nimechoka."

"Polepole, Bibi. Yako mengine."

Mzee Pazi akatoa hema jeupe. Lilikuwa kubwa kama darasa. Vyuma vyake vilikuwa virefu. Kwang! Kwang! Kwang!

*"Tuingie, tulale,*
*tuamke, tusali.*
*Hema hili, litatufaa?"*

Mwavita akatandika mkeka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu! Mikeka yote ikaenea, na nafasi ikabaki ya kuchezea.

"Hili ndilo!" Akaruka. "Hili, Bibi, hili!"

Wakalikunja. Wakalipakia. Baiskeli ikayumba huku. Baiskeli ikayumba kule. Buuu! Ikalala chini, gurudumu linazunguka hewani.

"Ati Wanyamwezi mabingwa wa kubeba mizigo!" akasema Mzee Pazi. "Mbona baiskeli yenu imezimia?"

Bibi akamtazama. Mdomo ukacheza kidogo, pembeni. Kidogo tu.

"Njia ya msituni ina mchanga, Mwavita," akasema. "Hili halitafika kambini."

Mwavita akakunja uso. Mikeka ilikuwa imeenea yote.

Mzee Pazi akatoa hema la maua. Maua mekundu, maua ya njano. Zuri!

"Hili halipitishi maji," akasema. "Hata tone!"

Mwavita akalitazama. Halafu akatazama birika la maji ya udhu pale pembeni.

Akamwaga maji juu ya paa. Shhhhh.

Mzee Pazi alikuwa ndani, anaonyesha madirisha. To. To. To. Maji yakamdondokea kwenye kofia.

"Lo! Hata tone, mtani?" akasema Bibi. "Hata tone?"

"Aaa," akasema Mzee Pazi, anajipangusa. "Haya siyo matone. Haya ni machozi. Hema linalia, halitaki kwenda na Wanyamwezi."

"Linakulilia wewe, Mzaramo. Limekuona hujaoga."

Mwavita akageuka kumtazama Bibi. Tangu Januari, Bibi alikuwa hajatania.

Sasa lilibaki hema moja. Lilikuwa la kijani, kama jani la mninga. Si dogo, si kubwa. Si zito sana.

Mzee Pazi akalisimamisha. Mwavita akamwaga maji. Shhhhh. Wakangoja. Ndani, kukavu.

Sakafu ilikuwa imeshonwa pamoja na kuta. Siafu hawapiti. Mlango ulikuwa na wavu. Nyuki hawapiti. Zipu ikafunguka, ziiip. Zipu ikafungwa, ziiip.

*"Tuingie, tulale,*
*tuamke, tusali.*
*Hema hili, litatufaa?"*

Bibi akaingia. Akarukuu. Akasujudu. Paa halikumgusa. Akakaa hapo chini kidogo, anapumzika.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hili linatufaa."

Mwavita akatandika mkeka wa Bibi. Akatandika wake. Akachukua wa tatu, akautandika mlangoni.

Haukuenea. Akauvuta huku. Akausukuma kule. Ncha ikatokeza nje ya mlango.

"Halitoshi!" akasema Mwavita. "Hili nalo halitoshi!"

"Tunalala wawili, mjukuu wangu. Mimi na wewe. Mbona mikeka mitatu?"

Mwavita akashika ncha ya mkeka. Sauti yake ikawa ndogo.

"Babu hulala mlangoni. Ili aamke kwanza. Babu atalala wapi?"

Mzee Pazi akavua kofia yake yenye maji. Hakutania.

Bibi akashusha pumzi. Huuuu. Akampakata Mwavita, palepale ndani ya hema la kijani.

"Muda wote huu ulikuwa unampimia Babu nafasi?"

Mwavita akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Bibi akalia kidogo. Mwavita akalia kidogo. Hema likawasitiri.

"Sikiliza, Mwavita. Babu ana nyumba yake sasa. Mungu ndiye aliyempa."

"Ni kubwa?"

"Tunamwomba Mungu aipanue."

"Ina taa?"

"Tunamwomba Mungu aitie nuru."

Mwavita akafikiri. "Tunamwomba lini?"

"Kila tukisali."

Mwavita akafuta pua. Akautazama mkeka wa Babu. Akautazama mlango.

Akaukunja mkeka katikati. Akautandika tena mlangoni, taratibu.

Ukaenea. Sawasawa kabisa.

"Babu halali hapa," akasema. "Hapa ndipo tutakapomwombea."

Bibi akaupapasa ule mkeka. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo."

Huko nje Mzee Pazi akakohoa. "Mtani, mtatoka, au nije niwaletee chai humo humo?"

"Lete," akasema Bibi. "Na sukari uijaze. Mzaramo wewe, hata asali huna!"

Na Bibi akacheka. Kicheko kilikuwa kidogo na cha uchovu, lakini kilikuwa kicheko.

Akafungua fundo la kanga yake, akalipa. Hema la kijani likakaa kwenye baiskeli. Halikuyumba.

"Twende polepole, Bibi."

"Polepole, mjukuu wangu."

Kwiri, kwiri, kwiri. Kesho yake wakaenda na Mama Kulwa na wenzao. Njia ya mchanga. Njia ya majani makavu. Mpaka kambini.

Mizinga ya Babu ilikuwa juu ya miti. Zzzzzz. Bibi akaitazama mmoja mmoja. "Tumekuja," akaiambia.

Jioni wakasimamisha hema. Moshi ukapanda, uji ukachemka. Mwavita akalamba asali kidoleni, akalamba mpaka kwenye kiwiko.

Wakaingia. Ziiip. Wakasali Isha juu ya mkeka wa Babu. Nafasi iliwatosha, bega kwa bega.

Bibi akajilaza. "Nimechoka," akasema.

"Hata mimi, Bibi."

Nje upepo ukapita juu ya majani. Shuuu. Shuuu. Nyuki wakanyamaza. Hema likanyamaza.

"Bibi, kesho nani ataamka kwanza?"

"Mimi. Nami nitakuamsha wewe."

Mwavita akafumba macho. Akafumbua tena. "Hatujamwombea."

Wakainua mikono gizani, mikono minne. Bibi akasema polepole, na Mwavita akafuata polepole:

"Ewe Mola wetu, msamehe Babu. Mrehemu Babu. Mpanulie nyumba yake. Itie nuru nyumba yake. Na siku moja, utukutanishe naye. Amina."