Dawa Iliyolala

Kituo cha treni cha mji wa Cluj kilifurika Ijumaa ile, na katikati ya msongamano Ilinca alikuwa amekumbatia boksi jeupe linalofuka moshi.

"Dada, mzigo wako unawaka!" Mwanamume mrefu mwenye koti la kijani alimjia mbio na chupa ya maji.

"Usithubutu! Hiyo ni barafu kavu. Ndani mna seli za ini."

"Ini la nani?"

"La mtu. Ulidhani nauza samaki?"

Alicheka mpaka maji yakammwagikia viatuni. Jina lake Horia, fundi wa kurekebisha sauti za piano, na alikuwa amemsindikiza dada yake Smaranda, aliyekuwa akirudi mji wa Oradea na bintiye Tudora. Treni ilipoondoka, namba ya Ilinca ilikuwa tayari kwenye simu yake.

Ilinca alikuwa amezoea upweke kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Seli alizozikuza maabara hazijui Jumapili, kwa hiyo naye hakuijua. Sasa simu ililia kila mchana.

"Umekula?"

"Nimelisha seli."

"Nimekuuliza wewe, mpenzi, si wageni wako."

Siku moja, wakinywa supu, Ilinca alimweleza kazi yake. Dawa nyingine huingia mwilini zikiwa zimelala, na kimeng'enya, protini inayochochea kemia ya mwili, ndicho huziamsha. Seli ya saratani ina ujanja: huifunga jeni ya kimeng'enya hicho kwa alama ndogo za kemikali. Jeni ni nzima, ila haisomeki. Dawa inafika na hakuna wa kuiamsha.

"Na wewe unazibandua hizo alama?"

"Ndiyo, kwa dawa ninayoijaribu, ila kwenye kisahani cha maabara tu."

Majira ya baridi yalipoanza, Smaranda aligundulika kuwa na saratani ya ini. Dawa hazikumsaidia. Horia akapiga simu kutoka Oradea.

"Ilinca, ile dawa yako ya kufungua jeni. Nipe kidogo tu."

"Haijawahi kuingia kwa mtu, Horia. Hata kwa panya bado."

"Dada yangu anakufa!"

"Inafungua jeni ovyo, hata zile zinazotakiwa kufungwa. Inaweza kumuua."

"Basi sema tu kwamba visahani vyako unavipenda kuliko Smaranda." Akakata.

Ilinca alimpigia tena na tena. Horia hakupokea. Smaranda alipofariki, Ilinca alikwenda Oradea, akasimama nyuma kabisa kanisani katika gauni jeusi la mikono mirefu. Horia alimwona, akageuza uso. Ilinca akarudi kwa treni peke yake, na tangu hapo simu yake ikawa inalia tu wenzake wa maabara wanapouliza funguo.

Theluji ilikuwa imeyeyuka siku Horia alipotokea mlangoni pa maabara, amekonda, koti linampwaya.

"Nahamia Oradea," alisema bila salamu. "Tudora hana mtu mwingine. Kila siku ananiuliza kama dawa yako ingemponya mama yake. Nimjibu nini?"

Ilinca alivua glavu taratibu. "Mwambie sijui. Na mwambie, ningejua ingemponya, ningeiiba."

Horia alikaa kwenye stuli, akajifunika uso, mabega yakatikisika. Ilinca akamshika kichwa, akakilaza tumboni pake.

"Nilikutukana," alisema Horia baadaye.

"Ulikuwa unafiwa."

"Njoo tuishi wote."

"Kazi yangu iko hapa, mpenzi. Sijui kazi nyingine."

"Najua. Nilitaka tu uwe umeombwa."

Ilinca alimsindikiza mpaka ngazini. Wakakumbatiana kwa muda mrefu, na Horia akaahidi kupiga simu akifika. Alipiga kweli. Nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto ikiuliza, "Ndiye yule?"

"Ndiye," alijibu Horia.

Kisha wote watatu wakabaki kwenye simu, na hakuna aliyetaka kukata.