Madungusi ya Mwanarusi

"Hawa hapa, mwanangu. Wachinje," alisema Bi Nyamvula, jirani yake Mwanarusi, akiweka barazani kuku wawili aliowafunga miguu. "Kama ndio waliokula miche yako, mimi sina uso wa kukutazama."

Mwanarusi aliwatazama kuku. Pembeni alisimama mchumba wake Rashid, kuli wa bandarini, jasho likimtiririka asubuhi ile ya mwaka wa hamsini na tisa.

Mtaa mzima wa Shika Adabu uliijua miche ile. Mwanarusi alipasua tunda bivu la dungusi, mmea wa miiba wa nchi kavu, akatoa mbegu ndogo kama chembe za baruti, akaziosha, akazianika kivulini. Akazipanda kwenye makopo ya maziwa yaliyojaa mchanga na vumbi la mkaa, akayafunika kwa vipande vya kioo. Nusu hazikuota. Zilizoota, baada ya miaka mitatu zilikuwa sawa na gololi, zenye miiba midogo laini kama manyoya ya kifaranga. Rashid alimpendea hapo: mikono isiyo na pupa.

Kisha Mwanarusi akaenda Msambweni kumuuguza shangazi yake, akamwachia Rashid makopo. Aliporudi, yalikuwa matupu, na Rashid akamwambia kuku wa Bi Nyamvula wameila miche.

"Bi Nyamvula, wafungue," alisema Rashid. "Hawakula kitu. Ni mimi."

"Wewe vipi?" aliuliza Mwanarusi.

"Niliimwagilia kila siku, kikombe kizima. Niliona mchanga mkavu, nikaihurumia. Yote ikaoza, nikaitupa."

"Nilikwambia matone machache, tena mara moja kwa wiki."

"Ulinambia."

"Na kuku?"

"Niliogopa kukupoteza."

Bi Nyamvula aliwafungua kuku wake, akaenda zake.

"Miche nimekusamehe," Mwanarusi alisema polepole. "Lakini siku nne umeniacha nimfokee mama aliyenibeba mgongoni. Hilo, wallahi, limeniuma."

"Nifanye nini?"

"Anza kwake."

Rashid alikwenda jioni ileile. Aliomba radhi mbele ya mume wa Bi Nyamvula na majirani, kila mtu akisikia. Mwezi ukapita, Mwanarusi asimwite wala asimrudishie posa. Ndipo Rashid akamwandikia barua:

"Sikuombi unirudie. Naomba unifundishe kupanda. Nataka kujua ulichokifanya miaka yote ile."

Jibu lilikuwa fupi: "Njoo Jumapili baada ya alasiri. Mama yangu atakuwepo."

Alipofika, Mwanarusi alimwekea mchanga, kopo na mbegu mpya.

"Usizifukie. Zinataka mwanga. Zilaze juu, uzibonyeze kidogo."

Vidole vyake vilikuwa vimezoea magunia. Mbegu moja ikamganda kwenye kucha, akahangaika nayo hata Mwanarusi akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

Siku ya kumi na mbili, chini ya kioo, vilijitokeza vitone vitatu vya kijani. Rashid alipiga magoti, hakuthubutu hata kupumua.

"Mtu mzima unalia?" aliuliza Mwanarusi.

"Sikujua inaanza hivi. Wewe uliyatazama haya peke yako, miaka mitatu?"

"Nilikuwa nayapenda."

Akamwita jirani yake. Bi Nyamvula aliinama, akatazama kwa muda.

"Shikamoo, mama," alisema Rashid.

"Marahaba. Hivi vitone ndivyo nilivyotukaniwa?"

"Ndivyo, mama," alijibu Mwanarusi. "Nisamehe."

"Nilishasahau. Arusi lini?"

Rashid alitazama chini. Mwanarusi akarudisha kioo juu ya kopo, taratibu.

"Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, inshallah," alisema. "Mwambie alete wazee wake."